Gugu unalofyeka ndilo nyumba ya kipepeo

Anayetaka kumwona faru Nakuru hupitia langoni, akalipa kiingilio na kufuata masharti. Mbuga ya Ziwa Nakuru imezungushiwa ua wa umeme, ina askari wa wanyamapori, na tangu mwaka 2011 ziwa lenyewe limo katika orodha ya Urithi wa Dunia pamoja na Elementaita na Bogoria. Nje ya ua huo, kwenye mitaro ya barabara, kando ya reli na katika viwanja ambavyo havijajengwa, anaishi kiumbe mwingine aliyewashughulisha wanasayansi kwa zaidi ya nusu karne. Huyu hana lango wala askari, na wengi wetu tunapishana naye kila siku bila kumtambua.

Ni kipepeo wa rangi ya chungwa, mwenye upana wa sentimita saba hadi nane mabawa yakikunjuliwa. Kichwa na kifua chake ni vyeusi vyenye madoa meupe, na ncha za mabawa ya mbele, kwa wengi wao, ni nyeusi zilizokatwa na mkanda mweupe. Huruka chinichini, bila haraka. Jina lake la kisayansi ni Danaus chrysippus, nalo lilitolewa na Carl Linnaeus mwaka 1758. Utamkuta Bahati, Subukia, Rongai, Njoro, Gilgil na Naivasha. Utamkuta pia Mombasa, Kampala, Muscat na Mumbai. Wamisri wa kale walimfahamu: yumo katika michoro ya kaburi la karani Nebamun, iliyochorwa huko Thebes, Luxor ya leo, zaidi ya miaka 3,300 iliyopita.

Kenya ina karibu spishi 900 za vipepeo, na nyingi kati ya zile zinazosifiwa ni za misituni. Kule pwani, mradi wa Kipepeo ulioanzishwa mwaka 1993 na mwanabiolojia Ian Gordon uliwawezesha wakazi wa kandokando ya msitu wa Arabuko Sokoke kufuga vipepeo na kuuza pupa ng'ambo, nao wakapata sababu ya kuulinda msitu. Kipepeo wetu wa Bonde la Ufa hana msitu wa kumtetea. Makao yake ni magugu, na magugu ndiyo kitu cha kwanza kuondolewa kila mtu anapotaka kuonyesha kwamba ametunza mahali. Makala haya yanayatetea magugu hayo, kwa sababu ndani yake mna maisha ambayo Nakuru haina budi kuyajua kabla ya kuyafuta.

Maisha yanayotegemea utomvu

Ukitembea kwenye shamba lililolazwa kule Njoro au Rongai, huenda ukakuta kichaka chembamba kinachokaribia kimo cha mtu. Majani yake ni membamba, maua yake madogo meupe yananing'inia, na matunda yake ni ya kijani, mepesi, yaliyojaa hewa na kufunikwa na vinywele. Vunja tawi, na utomvu mweupe utachuruzika hapo hapo. Matunda yakikauka hupasuka, na kila mbegu hupaa na shada lake la nyuzi nyeupe za hariri. Mmea huu ni wa jenasi ya Gomphocarpus. Ukishuka kuelekea Bogoria na Marigat, kwenye joto na ukame zaidi, nafasi yake inachukuliwa na ndugu yake, mpamba mwitu, ule wenye majani mapana ya kijivu na maua meupe yaliyotiwa zambarau.

Jike la kipepeo hutaga kwenye mimea ya jamii hii. Hutaga yai moja hapa, moja pale, mara nyingi upande wa chini wa jani. Siku chache baadaye hutoka kiwavi mdogo ambaye chakula chake cha kwanza ni ganda la yai lake mwenyewe. Akikua anakuwa na mistari ya kuzunguka mwili, nyeusi, nyeupe na ya manjano, na jozi tatu za pembe laini nyeusi mgongoni. Jani la gugu hili si mlo rahisi, kwa kuwa utomvu wake unanata na unaweza kugandisha taya za mdudu. Kiwavi aliyekomaa kidogo analijua hilo: hukata kwanza mshipa wa jani, akauacha utomvu uvuje, kisha akala sehemu ambayo imekatiwa maji.

Baada ya majuma mawili hivi hujining'iniza kichwa chini na kugeuka pupa, ya kijani au ya waridi, yenye vitone vinavyong'aa. Katika joto la kutosha, safari nzima kutoka yai hadi kipepeo huchukua kama mwezi mmoja. Mji wa Nakuru uko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku wake wa baridi huirefusha safari hiyo. Mvua za masika zikishanyesha na magugu yakachipua, vizazi huanza kufuatana, na ndipo vipepeo wanapoonekana kwa wingi.

Utomvu ule una sumu za kundi la kadenolidi, ambazo huvuruga mapigo ya moyo. Ng'ombe na mbuzi huuepuka mmea huu, na wakiula kwa njaa au ukichanganyika kwenye nyasi kavu wanaweza kudhurika, hata kufa. Kiwavi yeye huila sumu hiyo bila madhara na kuweka sehemu yake mwilini. Anapogeuka kipepeo, urithi huo wa utotoni huenda naye.

Gugu hilo pekee halimtoshi. Kipepeo mzima anahitaji maua ya kunyonya nekta, na kwetu mengi ya maua hayo ni ya mimea isiyoheshimiwa, ikiwemo kishona nguo. Dume ana haja ya ziada. Huitafuta mimea ya jamii ya mitoo na ile ya heliotropiamu, hasa iliyonyauka, akafyonza humo kemikali anazozigeuza kuwa harufu ya kuchumbia. Harufu hiyo huitoa kwa vishada vya nywele vilivyofichwa nchani mwa tumbo lake, na dume asiyepata kemikali hizo hufanikiwa kwa nadra kumvutia jike. Kwa hiyo makao ya kipepeo huyu ni mimea mitatu au minne iliyo karibu karibu, juani, mahali ambapo fyekeo halipiti kila mwezi. Mahali pa namna hiyo pana majina mengi kwenye mipango yetu: ardhi tupu, kiwanja kilichoachwa, hifadhi ya barabara.

Rangi inayosema kweli, na wanaoiazima

Mbuga ya Ziwa Nakuru na viunga vyake ina zaidi ya aina 400 za ndege, na wengi wao hula wadudu. Inakuwaje basi kipepeo mwenye rangi kali aruke polepole mchana kweupe? Jibu la msingi lilipatikana Marekani katika miaka ya 1960, kwa binamu yake, kipepeo mfalme anayehama kila mwaka kwenda Mexico. Mwanasayansi Lincoln Brower alionyesha kwamba ndege aliyemla kipepeo mfalme aliyelishwa mmea wenye sumu hutapika, na baada ya hapo humkataa kila kipepeo anayefanana naye. Rangi ni onyo. Ndege akishajifunza mara moja, vipepeo wengi wanapona.

Mwili wa kipepeo wetu umetengenezewa mafunzo hayo. Ni mgumu wenye kunyumbulika, kiasi kwamba akidonolewa na kuachwa mara nyingi huruka zake akiwa na alama ya mdomo kwenye bawa. Sumu yao, hata hivyo, haifanani. Kipepeo ni mkali kadiri ya jani alilokula akiwa kiwavi, na wapo ambao hawana sumu ya kutosha kumdhuru ndege. Hao wanaishi kwa heshima iliyojengwa na wenzao.

Wapo pia waigaji wa spishi nyingine kabisa. Aliye maarufu zaidi ni Hypolimnas misippus. Dume lake ni jeusi lenye madoa makubwa meupe yaliyozungukwa na mng'ao wa samawati na zambarau. Jike lake ni la rangi ya chungwa na limefanana na Danaus chrysippus kiasi cha kumpoteza mtu mzima. Kiwavi wake hula magugu laini yanayotambaa ardhini, yasiyo na sumu ile ya moyo. Msomaji anaweza kuwatofautisha kwa kuangalia bawa la nyuma: mwigaji ana doa moja jeusi karibu na ukingo wa mbele, ilhali mwenyewe ana madoa matatu au manne katikati ya bawa.

Ajabu ni kwamba Danaus chrysippus mwenyewe hana sura moja. Wapo wenye ncha nyeusi na mkanda mweupe, umbo linaloitwa chrysippus. Wapo wasio na ncha nyeusi kabisa, chungwa tupu hadi ukingoni, wanaoitwa dorippus, na hao hutawala nyanda kavu za mashariki na kaskazini mwa Kenya. Wapo alcippus, wenye bawa la nyuma jeupe, ambao asili yao ni Afrika Magharibi. Wapo orientis wa kusini, wa kahawia iliyokolea. Mwigaji naye ana majike wa sura tofauti zinazofuata sura hizo. Kwingi duniani umbo moja hutawala. Afrika Mashariki, kutoka Kenya hadi Rwanda, ndiko yanakokutana na kuzaliana. Nakuru imo ndani ya eneo hilo pana la makutano, na hapa ndipo habari ya kipepeo huyu inapokuwa kubwa kuliko uzuri wa rangi zake.

Akina mama wanaozaa mabinti pekee

Mwaka 1968 mtafiti Denis Owen, aliyefanya kazi Makerere, na mwenzake Chanter walichapisha jambo la kushangaza kutoka Uganda: baadhi ya majike wa kipepeo huyu walizaa mabinti watupu. Katika miaka ya 1970 David Smith, ambaye aliwafuga Dar es Salaam, alieleza vizazi vya majike pekee na kuanza kufuatilia jinsi jambo hilo linavyohusiana na rangi. Kwa miaka mingi chanzo hakikujulikana. Mwaka 2000 Francis Jiggins na wenzake walimtambua mhusika: bakteria wa kundi la Spiroplasma anayeishi ndani ya mwili wa jike na kuua watoto wake wa kiume wakiwa bado ndani ya yai.

Ukatili huo una hesabu yake. Bakteria huyu hurithiwa kwa njia ya yai, kutoka kwa mama. Dume hawezi kumpitisha kwa mtoto. Kwa bakteria, basi, kila mtoto wa kiume ni njia iliyofungwa, na kila binti ni njia iliyo wazi. Anayebaki hai ni yule anayeweza kumbeba.

Uhusiano wake na rangi ulifafanuliwa baadaye, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanyika Kenya. Kwa vipepeo, jike ndiye mwenye kromosomu mbili zisizofanana, Z na W, na dume ana Z mbili. W hutoka kwa mama kwenda kwa binti, haiendi kamwe kwa mwana wa kiume. Mwaka 2016 Smith, Gordon na wenzao, wakiwemo watafiti wa Kenya, walieleza kwamba katika vipepeo wa eneo hili kromosomu W imeungana na kromosomu nyingine, ile yenye jeni zinazoamua rangi ya bawa. Mwaka 2020 kikundi kilichoongozwa na Simon Martin, na ambamo walikuwemo Wakenya Dino Martins na Kennedy Saitoti Omufwoko, kilichapisha uchunguzi wa jenomu nzima katika jarida la PLOS Biology. Kilionyesha kwamba kromosomu hiyo iliyoungana ilienea kwa kasi pamoja na bakteria katika kipindi cha maelfu machache tu ya miaka, muda mfupi sana kwa kipimo cha mabadiliko ya viumbe.

Tazama matokeo yake kwa familia moja. Jike mwenye bakteria huwapa mabinti wake wote W iliyoungana, pamoja na rangi iliyofungwa humo. Kromosomu ya rangi aliyoipata kwa baba yake huenda kwa watoto wa kiume, na hao wanakufa. Kwa hiyo kila binti anabeba nusu ya rangi ya ukoo wa mama, isiyobadilika, na nusu ya rangi ya baba, ambayo itaishia kwake. Kizazi kinachofuata kinahitaji baba mwingine. Majike unayoyaona juu ya ua moja mwezi huu yanaweza kutofautiana sana na yale ya miezi ijayo, kutegemea madume yaliyofika yametoka wapi.

Katika maeneo ya Nairobi na viunga vyake watafiti wamekuta majike wakizidi madume kwa wingi mkubwa. Swali linalofuata ni la kawaida kabisa: waume wanatoka wapi? Wapo wachache wanaozaliwa na majike wasio na bakteria, na wapo wanaofika kutoka maeneo ya jirani ambako bakteria hajaenea. Jamii yenye ugonjwa huu inaishi kwa kupokea wageni. Ikikatiwa njia ya wageni, inakosa waume.

Hoja hii ndiyo inayonirudisha kwenye mitaro yetu. Kipepeo anayesafiri kati ya Naivasha na Rongai haruki juu ya uwanda mtupu kwa siku nzima. Hupita penye ua la kunyonya, akasimama penye gugu la kutagia, akaendelea. Ukingo wa barabara, ukingo wa reli, mpaka wa shamba na kiwanja kisichojengwa vinaunganika kuwa mnyororo wa vituo. Mbuga moja, hata iwe kubwa namna gani, haiwezi kuchukua nafasi ya mnyororo huo.

Bonde linaloondoa kingo zake

Bonde la Ufa la kati ni nchi ya kazi. Njoro na Rongai ni ngano na mahindi, Molo ni viazi na kondoo, Naivasha ni mahema ya maua ya kuuza Ulaya. Nakuru ilikuwa makao makuu ya bodi ya pareto katika enzi ambapo Kenya iliongoza dunia kwa zao hilo. Kwa hiyo mji huu unaelewa dawa za wadudu kuliko miji mingi. Sumu ya pareto ina sifa moja njema: huvunjika upesi ikipigwa na jua. Dawa nyingi zilizokuja baadaye zilitengenezwa zidumu zaidi.

Pigo lililobadilisha jicho la mkulima lilikuja na viwavijeshi vamizi, ambavyo kuwepo kwao nchini kulithibitishwa mwaka 2017. Vilishambulia mahindi kwa namna iliyotisha, na familia nyingi zilipoteza mavuno. Tangu hapo kiwavi yeyote anayeonekana karibu na shamba hutazamwa kama adui. Hofu hiyo ina haki yake, lakini inawaangukia wasiohusika. Kiwavi mwenye mistari nyeusi, nyeupe na manjano aliye juu ya gugu lenye utomvu mweupe hali mahindi. Hali sukuma wiki, hali viazi, hali maharagwe. Ukimwacha pale hatahamia shambani, kwa sababu chakula chake hakimo humo.

Dawa za kuua magugu zimeleta badiliko la kimya zaidi. Zamani palizi ya jembe iliondoa magugu ndani ya mistari na kuyaacha mpakani, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na nguvu za kulima asicholima. Leo bomba la mgongoni humaliza kazi ya siku nzima kwa saa chache, na anayepuliza hujisikia amefanya vizuri akimalizia na mpaka, mtaro na njia ya kwenda nyumbani. Siku chache baadaye ukingo wote umekuwa wa hudhurungi. Mayai yaliyokuwa chini ya majani yamekauka pamoja nayo.

Mji nao unakua. Nakuru ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, na tangu kabla ya hapo mashamba makubwa yaliyouzunguka yalikuwa yakigawanywa kuwa ploti. Ploti iliyonunuliwa na kuzungushiwa waya bila kujengwa ni makao mazuri ya kipepeo kwa miaka michache, halafu yanakwisha ghafla. Mradi wa kupanua barabara kuu kutoka Rironi hadi Mau Summit unapita katikati ya bonde hili lote, na barabara ikipanuliwa, ukingo wake wa zamani huondoka. Ukingo mpya ndio utakaoamua kama mnyororo utaunganika tena au la.

Hata ziwa limechangia. Tangu karibu mwaka 2010 maji ya Nakuru, Naivasha, Bogoria na Baringo yamekuwa yakipanda. Migunga ya manjano iliyokuwa ufuoni mwa Ziwa Nakuru imesimama majini ikiwa imekufa, na watu wengi wamehama makwao. Ardhi iliyo kavu imezidi kugombaniwa, na penye kugombaniwa, gugu halipewi nafasi.

Inapasa kusemwa wazi kwamba Danaus chrysippus hayumo katika hatari ya kutoweka duniani. Ameenea mabara matatu na ni mstahimilivu. Tunachoweza kupoteza ni kitu cha eneo: yale makutano ya rangi na bakteria na waume wahamiaji, ambayo yanapatikana katika sehemu hii ya dunia, na ambayo bado yanasomwa. Na kipepeo huyu akiondoka kwenye ukingo, haondoki peke yake. Ukingo unaomlea yeye huwalea nyuki wanaochavusha maharagwe na matunda ya mkulima, pamoja na nyigu wadogo wanaotaga ndani ya viwavi waharibifu. Anayesafisha ukingo kwa dawa hufukuza vibarua wasiodai mshahara.

Yanayowezekana

Mengi ya yanayotakiwa hayahitaji pesa mpya. La kwanza ni la mfugaji. Gugu hili lisiachwe ndani ya malisho wala karibu na nyasi zinazokatwa za kukausha, kwa sababu sumu yake ni ya kweli, na utomvu wake usiguse macho ya mtu. Lakini kwenye mpaka ambako ng'ombe hawafiki, upande wa nje wa ua, au mteremkoni pasipolimika, hatua tano au kumi za magugu hazimpunguzii mtu gunia.

La pili ni la mkulima. Dawa ipulizwe panapolimwa na ikomee hapo. Zipo pia njia zinazopunguza haja ya dawa yenyewe. Kituo cha icipe, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1970 na Mkenya Thomas Odhiambo, kilishiriki kubuni kilimo cha kusukuma na kuvuta, ambapo desmodiamu hupandwa kati ya mistari ya mahindi kuwafukuza wadudu, na nyasi hupandwa pembezoni kuwavuta. Njia hiyo ilianzia magharibi mwa Kenya dhidi ya viwavi wa mabua, na imesaidia pia dhidi ya viwavijeshi vamizi. Shamba la namna hiyo lina ukingo wenye kazi, na mkulima aliyezoea kuupa ukingo kazi hana haraka ya kuuchoma.

La tatu ni la shule. Walimu wa sayansi Nakuru wana maabara isiyo na bili. Darasa linaweza kupanda Gomphocarpus michache kwenye kona ya bustani iliyo mbali na wanafunzi wadogo, likanawa mikono baada ya kuigusa, na kuhesabu mayai, viwavi na pupa kwa muhula mmoja. Linaweza kuandika kila juma ni vipepeo wangapi wana ncha nyeusi, wangapi ni chungwa tupu, wangapi ni madume. Dume hutambulika kwa kifuko cheusi chenye kiini cheupe kwenye bawa la nyuma, lile doa la nne ambalo jike hana. Hesabu kama hizo zikikusanywa kwa miaka kutoka Molo hadi Naivasha, zitakuwa na thamani kwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Egerton kilicho hapo Njoro na kwa wenzao wa mbali. Mwanafunzi atakuwa amejifunza urithi wa jeni kwa kiumbe anayeruka nje ya dirisha lake, kabla ya kuusoma kwenye mbaazi za Mendel.

La nne, na ambalo lina uzito zaidi, ni la wenye mamlaka juu ya kingo: serikali ya kaunti, wasimamizi wa barabara kuu na wa reli. Usalama wa barabara ni jambo la lazima. Dereva lazima aone kona, na mtembea kwa miguu lazima aone njia. Mita ya kwanza au ya pili kutoka kwenye lami ifyekwe mara kwa mara, hilo halina ubishi. Nyuma ya hapo fyekeo linaweza kupita mara moja kwa mwaka, mwishoni mwa kiangazi, mbegu zikiwa zimeanguka na kabla mvua hazijaamsha machipukizi. Upande mmoja wa barabara unaweza kufyekwa mwaka huu na wa pili mwaka ujao, ili vipepeo wasikose pa kutagia pande zote kwa wakati mmoja. Dawa ya magugu isipulizwe kwenye mitaro, ambako maji ya mvua huibeba hadi mito inayoingia ziwani.

Kwenye mradi wa barabara mpya nafasi ni kubwa zaidi. Kingo zitakazotengenezwa zitapandwa kitu, kwa sababu udongo ulio wazi humomonyoka. Zinaweza kupandwa aina moja ya nyasi kutoka mwanzo hadi mwisho, au zikaachiwa mchanganyiko wa mimea ya hapa hapa, leleshwa kule Gilgil kwenye miamba, nyasi za asili na mimea yenye maua, na gugu la utomvu pale linapojiotea mbali na malisho. Uamuzi huo huwekwa kwenye mkataba wa mkandarasi kabla trekta la kwanza halijawashwa. Ukishapita, kuurekebisha ni gharama.

Nakuru imejitangaza kwa ziwa lake, kwa heroe na faru wake, na sasa kwa hadhi yake ya jiji. Jiji huhukumiwa pia kwa namna linavyotunza sehemu zisizo na jina kwenye ramani. Bajeti ya kufyeka ipo kila mwaka, na vibarua wa kufyeka wapo. Kilichobaki ni mtu mmoja mwenye kalamu ofisini kuandika tarehe, upana na mahali fyekeo lisipofika, na wananchi kumwuliza kila mwaka kama ameandika.